Padri Matteo Ricci na Adabu ya Chai

Matteo Ricci alizaliwa mwaka wa 1552 katika mji wa Macerata, nchi ya Italia. Baba yake alimpeleka Roma kusoma sheria. Lakini Matteo alisikia wito wa Mungu, na mwaka wa 1571 akaingia Shirika la Yezu. Alisoma pia hesabu na elimu ya nyota.

Mwaka wa 1578 alipanda merikebu kwenda India, na mwaka wa 1582 akafika Macau, karibu na mlango wa China. Siku zile Wachina hawakupenda wageni wakae kwao. Walijua kwamba nchi yao ni kubwa na elimu yao ni ya kale. Mgeni asiyejua desturi zao walimhesabu kuwa mtu asiye na adabu, wala hawakusikiliza maneno yake. Basi Padri Ricci, ingawa alikuwa mwalimu, akakubali kuwa mwanafunzi tena. Akajifunza lugha yao na maandiko yao.

Mwaka wa 1583 yeye na Padri Michele Ruggieri walipata ruhusa kukaa katika mji wa Zhaoqing. Walinyoa nywele, wakavaa kama watawa wa dini ya Buddha. Lakini watu wengine waliitupia nyumba yao mawe. Baadaye, katika mji wa Shaozhou, watu wabaya waliingia nyumbani usiku. Padri Ricci aliruka dirishani, akaumia mguu. Hata hivyo hakurudi Ulaya.

Alitazama sana mambo ya watu, akaona kwamba wenye elimu hawakuwaheshimu watawa wale. Kwa hiyo mwaka wa 1595 aliacha mavazi ya kitawa. Alikuwa amefuga nywele na ndevu, akavaa kanzu ndefu ya hariri kama wenye elimu. Tangu hapo aliweza kwenda kwa wakubwa kama mgeni wa heshima, na kuwapokea nyumbani kwake.

Kumpokea mgeni kulikuwa kazi yenye sheria nyingi. Mgeni alitanguliza kijitabu chenye jina lake. Mwenyeji alivaa vazi la heshima, akatoka kumlaki. Wote wawili waliunganisha mikono ndani ya mikono mipana ya kanzu, wakainama. Kisha mwenyeji alishika kiti kwa mikono miwili, akakiweka mahali pa heshima. Alikipangusa kwa mkono, hata kama hakikuwa na vumbi. Mgeni naye alimtengenezea mwenyeji kiti chake vilevile.

Walipokwisha kukaa, mtumishi aliyevaa kanzu ndefu alileta vikombe vya chai, hesabu sawa na watu waliokuwapo. Ndani ya kila kikombe mlikuwa na kipande cha tunda tamu, na kijiko kidogo cha kulilia. Chai ilikuwa ya moto daima. Mgeni mkubwa alipewa kwanza, halafu wengine kwa daraja zao. Mwenyeji alipewa mwisho wa wote, maana alikaa mahali pa mwisho. Mazungumzo yakiwa marefu, mtumishi alirudi mara ya pili, ya tatu, hata ya nne, na kila mara tunda lilikuwa jingine.

Siku zile watu wengi wa Ulaya hawakujua chai bado. Hata neno letu chai asili yake ni neno la Wachina. Padri Ricci aliandika desturi hizi zote kwa uangalifu, naye mwenyewe alizishika.

Mwaka wa 1601 aliingia Beijing, mji wa mfalme. Alimpelekea mfalme saa zilizopiga kengele zenyewe, zikampendeza sana. Hakumwona mfalme uso kwa uso, lakini aliruhusiwa kukaa. Wakubwa wengi walikuja kwake. Walitaka kuona ramani yake ya dunia na kuuliza habari za nyota. Walipokwisha kunywa chai, wengine waliuliza pia habari za Mungu. Rafiki yake mmoja, Xu Guangqi, alibatizwa mwaka wa 1603, akaitwa Paulo. Wawili hao waligeuza kitabu cha hesabu za maumbo katika lugha ya Wachina, nacho kilichapwa mwaka wa 1607.

Lakini adabu hii ilikuwa mzigo pia. Kila aliyekuja kumwamkia ilimpasa amrudishie ziara. Mwaka wa 1610 watu wengi wenye elimu walifika Beijing kwa mitihani mikubwa ya serikali. Wageni walijaa nyumbani. Padri Ricci aliacha hata chakula chake ili awapokee, wala hakumfukuza mtu. Nguvu zikamwishia. Alishikwa na ugonjwa, akafa tarehe 11 Mei 1610, mwenye miaka 57. Mfalme alitoa shamba la kumzika, heshima ambayo wageni hawakuizoea kupewa. Mwaka wa 2022 Papa Fransisko alitangaza kwamba Padri huyu aliishi fadhila kwa namna ya kishujaa.

Watoto, Padri Ricci hakufungua mlango wa China kwa bunduki. Aliufungua kwa kujishusha, kwa subira na kwa kuheshimu desturi za wenyeji. Anayetaka kuwafundisha watu akubali kwanza kufundishwa nao.

Maulizo
1. Kwa nini Padri Ricci alibadili mavazi yake?
2. Nani alipewa chai kwanza, na nani mwisho? Kwa nini?
3. Kazi ya kupokea wageni ilimletea Padri Ricci faida gani, na taabu gani?
4. Nyumbani kwenu mgeni hupokewaje?