Askofu Aliyeambiwa Asikanyage Busia

Kila Agosti ikifika mimi humkumbuka mtumishi mmoja ambaye hakuzaliwa huku kwetu wala hakuwa wa kanisa letu, lakini siku yake ya mwisho duniani alikuja Busia. Huyo ni Askofu Alexander Kipsang Muge. Vijana wetu wengi hawajui hata jina lake, na hiyo si vizuri, kwa maana habari yake inatuhusu.

Muge alikuwa mtu wa Nandi. Kabla ya kusimama mimbarani alikuwa askari wa GSU. Hebu fikiria, mtu aliyezoezwa kutii amri ya mkubwa bila kuuliza. Mungu akamtoa huko akamwita katika utumishi, na mwaka 1983 akawa askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Eldoret katika kanisa la Anglikana, ambalo siku hizo tuliliita CPK.

Watu wake walikuwa wakulima na wafugaji, watu wa mahindi na maziwa, mpaka kule Pokot Magharibi ambako mvua ikikosa, watoto hulala njaa. Walimpenda kwa sababu aliyasema yale yaliyokuwa yanawauma. Aliposema hadharani kwamba njaa inaua watu Pokot, wakubwa walikasirika. Aliponyoosha kidole kwa wanaonyakua mashamba na kwa wala rushwa, wakakasirika zaidi. Hakunyamaza.

Nyinyi mliozaliwa juzi, lazima mjue miaka ile ilikuwaje. Chama kilikuwa kimoja tu, KANU. Uchaguzi wa 1988 ulianza na mlolongo: unapanga foleni nyuma ya mtu wako, kila mtu anakuona. Na bado kuna mahali ambapo foleni fupi ilitangazwa kuwa imeshinda! Muge alikuwa mmoja wa wachungaji walioupinga mlolongo. Kisha ukaja mwaka 1990. Februari aliuawa Dkt. Robert Ouko, waziri wa mambo ya nje. Julai ikawa Saba Saba, na watu wakapigwa na kufungwa. Mtu alikuwa akisema neno, anaangalia kwanza nani amekaa nyuma yake.

Ni katika hali hiyo waziri wa Kazi, Peter Okondo, mbunge wa Bunyala, alitoa onyo kwa Muge na kwa Askofu Henry Okullu wa Maseno Kusini. Ati wasikanyage Busia. Wakikanyaga wataona moto, na huenda wasitoke wakiwa hai. Wapendwa, neno lile lilisemwa kana kwamba ni la watu wote wa Busia. Lakini hakuna aliyekuja kutuuliza sisi wa Mundika, wala wa Nambale, wala wa Malaba, kama sisi ni watu wa kuua mgeni.

Muge akasema atakuja. Na Jumanne, tarehe 14 Agosti 1990, akaja. Hakuja na jeshi, yeye aliyewahi kuwa askari. Alikuja kama mchungaji, na wananchi wakampokea kama mchungaji. Akawa nao, kisha akaondoka Busia akiwa hai.

Njiani akirudi Eldoret, gari lake likagongana na lori la maziwa. Akafa.

Mimi wakati huo nilikuwa kijana. Nakumbuka watu wazima wakiongea kwa sauti ya chini karibu na redio, na uchungu uliokuwa hapa, maana onyo lilikuwa limetaja jina la kwetu. Siku chache baadaye Okondo akajiuzulu. Dereva wa lori alihukumiwa kifungo cha miaka 7 kwa kuendesha gari vibaya, naye akafia gerezani. Wakenya wengi hawajaamini mpaka leo kwamba ilikuwa ajali tu, na hakuna mwingine aliyetiwa hatiani. Jibu kamili liko kwa Mungu, ambaye damu ya Habili haikumpita.

Mtu anaweza kuniuliza, je, haukuwa ujeuri? Si angekaa tu Eldoret? Someni Matendo 21. Paulo akiwa Kaisaria, nabii Agabo alichukua mshipi wake akajifunga miguu na mikono kumwonyesha yatakayompata Yerusalemu. Ndugu walilia wakamsihi asiende. Alikwenda. Paulo hakuwa anatafuta kifo. Alikataa tu hofu imchagulie njia. Nami naona hivyo kwa Muge. Kama angekubali kwamba kuna mji ndani ya Kenya ambao mhubiri hawezi kuingia bila ruhusa ya mkubwa, kesho ungefungwa mji mwingine, na kesho kutwa kanisa.

Disemba 1991 sheria ya chama kimoja iliondolewa. Yeye hakuiona siku hiyo. Sisi ndio tunaila matunda yake, tunasema tunavyotaka kwenye matatu na kwenye boda boda.

Lakini je, pale panapohitajika tunasema? Majina ya basari yakiandikwa na ya yatima yakarukwa, tunanyamaza. Kwenye baraza la chifu shamba la mjane likitajwa, tunaangalia chini. Hakuna waziri anayetutisha siku hizi. Tunaogopa tu kukosana na jirani.

Wiki hii, katika maombi ya nyumbani, kila familia itaje jambo moja ambalo inajua si haki na imelinyamazia. Muombe, halafu mmoja wenu aende akaliseme, kwa upole, kwa mtu anayehusika. Tukifanya hivyo, jina la Busia litakumbukwa kwa watu waliompokea Muge, si kwa onyo alilopewa.