Lusinga wa Mpala: mwili huku, kichwa Ulaya

Mara mingi mu ukurasa huu tunaongea juu ya mshahara, juu ya buti na kofia, juu ya shimo lililoanguka. Leo tunaongea juu ya mtu aliyekufa zamani sana, mbele reli haijafika, mbele baba zetu hawajaandikwa mu kitabu cha kampuni hata moja. Jina lake Lusinga lwa Ng'ombe. Waliozaliwa Mpala wanalijua toka utoto. Wengine watauliza, Lusinga njo nani, na watu wa sendika wanamtafutia nini? Tutafika pale, muwe na uvumilivu.

Mpala eko pembeni ya ziwa Tanganyika, kusini ya Kalemie, fasi mto Lufuko unaingia mu ziwa. Bankambo waliita inchi ile Lubanda. Nyuma ya kijiji kuna milima, na juu ya milima ile njo Lusinga alijenga boma lake na kulizungushia miti mikubwa. Alikuwa Mutabwa wa ukoo wa Sanga, si Basanga wale wa upande wa Likasi. Kwa Batabwa mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Ufalme hautoki kwa baba kwenda kwa mtoto, unatoka kwa mjomba kwenda kwa mpwa, mtoto wa dada yake. Muweke neno hilo mu kichwa, tutalihitaji kule mbele.

Lusinga alikomaa mu wakati mubaya. Toka Ujiji, ng'ambo ya ziwa, wafanyabiashara walileta nguo, ushanga, bunduki na baruti. Walitaka pembe za tembo, na walitaka watu. Mfalme mwenye hakuwa na bunduki aliuzwa, mwenye bunduki aliuza. Lusinga alichagua kuuza. Alishambulia vijiji, akakamata watu, akanunua baruti, akarudi kushambulia tena. Mwingereza Joseph Thomson, aliyepita pembeni ya ziwa mwaka wa 1879, aliandika juu yake kama mtu wa damu. Siye hatutamfanya mtakatifu. Kati ya wenye wanasoma gazeti hili kuna wajukuu wa watu aliowakimbiza, na kuna wajukuu wake mwenyewe. Wote tuko mu kambi moja, tunashuka mu shimo moja. Tukisema habari yake, tuiseme yote.

Mwaka ule ule wa 1879 Babelgiji walikuwa wamejenga kituo Karema, upande wa Tanzania ya leo. Walitumwa na chama cha mfalme Leopold II, chenye kilisema kinakuja kufungua Afrika na kumaliza biashara ya watumwa. Mwaka wa 1882 alifika pale luteni Émile Storms. Mwaka wa 1883 akavuka ziwa, akafanya undugu wa damu na mfalme Mpala, akajenga boma la matofali kwake. Watu wakamwita Bwana Boma. Mpala hakukaa sana, ndui ikamwua. Storms akabaki na bunduki zake na akaanza kujifanya mfalme mwenyewe: kuomba kodi, kukata kesi, kupiga vijiji vyenye havimsikii.

Basi wakubwa wawili walikuwa wanaangaliana, mumoja chini pembeni ya maji, mwingine juu ya mlima, na kila mumoja alitaka inchi yote. Lusinga hakuinama.

Tarehe 4 Desemba 1884 askari wa Storms walipanda mlima. Yeye mwenyewe alibaki bomani. Wazee wa Lubanda walisimulia kifo kile kwa namna yao, na Allen Roberts, mwalimu wa Marekani aliyekaa nao miaka ya 1970, akakiandikia kitabu kilichotoka mwaka wa 2013. Wazee walisema wageni wale walikuja kama marafiki, wakaanza kucheza ngoma mbele ya boma. Lusinga akatoka kuangalia. Njo pale wakampiga risasi. Wakamkata kichwa. Kijiji kikachomwa, makumi ya watu wakafa, wengine mingi wakatelemushwa mpaka Mpala kama mateka. Kichwa kikapelekwa kwa Storms. Naye akaandika mu daftari yake kwamba atakitia kati ya vitu alivyokuwa anakusanya.

Tusimame hapa kidogo. Mu vita vya zamani, kumkata adui kichwa ilijulikana, hata huku kwetu. Lakini Storms alikusanya kichwa cha mutu sawa vile mwingine anakusanya mawe ama vipepeo. Mwaka wa 1885, kisha mkutano wa Berlin, Leopold alimwita arudi na kuachia Mapadri Weupe vituo vya Karema na Mpala. Storms akafunga masanduku yake. Mule mulikuwa fuvu la Lusinga, mafuvu ya watu wengine wawili wa inchi hii, na sanamu ya mti ya nkambo iliyotoka kwa Lusinga. Mulikuwa pia wanyama wa ziwa letu.

Sasa muangalie mambo mawili yaliyotendeka Brussels mu mwaka mmoja, 1886.

Mambo ya kwanza: mwanasayansi Louis Dollo alichunguza nyoka mumoja wa ziwa Tanganyika, wa mkusanyo wa Storms. Ni swila wa maji, yule wavuvi wetu wanamwona kati ya mawe, mwenye kula samaki na mwenye kukimbia mutu kuliko kumuuma. Dollo alimwangalia, akaandika kwamba nyoka huyu ni wa namna yake. Akamwita kwa jina la Storms. Kazi ile inasimama mpaka leo. Mwenye kutaka kulinda viumbe vya ziwa anaanza na kazi za namna ile, maana huwezi kulinda kintu chenye hakijulikani.

Mambo ya pili: daktari Émile Houzé alipewa mafuvu yale matatu. Akayapima na vyombo vyake, urefu, upana, taya, paji la uso, akatangaza matokeo yake mbele ya wenzake wa chama cha antropolojia. Alitafuta kuonyesha kwamba mutu mweusi ni mdogo kwa akili na kwa tabia, na kwamba inaonekana mu mfupa. Kazi ile imeanguka. Fuvu halisemi kama mutu ni mwema ao mubaya, halisemi kama ana akili.

Wote wawili walitumia vipimo, wote wawili walikuwa watu wa shule kubwa. Lakini Dollo aliuliza nyoka huyu ni wa namna gani, kisha akaangalia. Houzé alikuwa na jibu tayari mbele ya kupima. Na kuna ingine: nyoka hana ndugu wa kuulizwa. Lusinga alikuwa nao, na hawakuulizwa. Nyoka akapata jina mu vitabu, mfalme akapotezewa lake, akawa kintu cha mu sanduku.

Storms alikufa mwaka wa 1918, akiwa jenerali mwenye heshima. Mjane wake aliachia vitu vyake jumba la makumbusho la Tervuren, na sanamu ya Lusinga iko kule mpaka leo. Mwaka wa 1964 mafuvu yalitolewa Tervuren, yakapelekwa mu Taasisi ya Sayansi za Asili ya Brussels, nyumba yenye inajulikana zaidi kwa mifupa ya wanyama wakubwa wa zamani. Yakakaa kule kimya. Mwaka wa 1968 hatukujua, mwaka wa 1988 hatukujua. Mwaka wa 2018 mwandishi wa habari Michel Bouffioux wa Paris Match Belgique alifuata karatasi za zamani mpaka akayafikia, akaandika. Njo pale habari ikarudi Kongo, na wa jamaa ya Lusinga wakaomba mkubwa wao arudishwe nyumbani.

Kutoka pale kuna mambo yametembea. Wanasayansi wa Ubelgiji waliungana mu mradi wenye unaitwa HOME, kuhesabu mabaki ya watu yaliyo mu majumba yao na kutafuta yalitoka wapi. Mu Juni 2022 sanamu ya kichwa cha Storms iliondolewa mu kiwanja kimoja cha Brussels. Mwaka ule ule Bunge lao lilipiga sheria ya kurudisha vitu vya wakati wa ukoloni. Lakini ile sheria inasema vitu. Mifupa ya watu haimo. Sanamu ya mti ya Lusinga ilipata mlango wa sheria, kichwa chake hapana.

Wengine wanauliza: mutajuaje kama fuvu lile ni lake kweli? Ni ulizo la haki, na siye wachimbaji tunalijua. Shimo likianguka na maiti ikitoka kisha siku mingi, ndugu wanataka kuwa na hakika wanazika mtu wao. Ile elimu ya kusomesha mifupa mbele ya tribunali inaweza kusaidia, na inafaa tujue namna inatumika.

Mfupa unaonyesha kama mutu alikuwa mwanaume ao mwanamke: paji la uso, mfupa wa nyuma ya sikio. Meno yanaonyesha umri kwa namna yameisha. Shingo iliyokatwa na panga inaacha alama mu mfupa. Meno yana siri ingine pia: yanapokomaa mu utoto, yanachukua ndani yake alama ya mawe ya inchi, kupitia maji na chakula. Mchimbaji hatashangaa, anajua mawe ya Manono si mawe ya Kolwezi. Kwa hiyo jino linaweza kusema kama mutu alikomaa upande huu ao upande mwingine.

Kisha kuna ADN. Mu fuvu la zamani inajihifadhi vizuri mu jino na mu mfupa mugumu wenye kuzunguka sikio la ndani. Na kuna ADN moja yenye haipiti kwa baba hata kidogo: mama anaitoa kwa batoto wake wote, na binti yake anaitoa kwa batoto wake, hivyo hivyo bila kukatika. Sasa mukumbuke neno tulisema pale juu. ADN ile Lusinga aliipata kwa mama yake, lakini hakuweza kuiachia batoto wake. Dada zake njo waliiachia. Mwenye kutaka kumlinganisha Lusinga na ndugu wenye wako wazima leo, atafute watu wa upande wa dada zake, wale wale ukoo ungewatafuta kumpa mutu kiti cha mfalme. Njia yenye maabara inafuata ni njia ya mjomba na mpwa, na wazee wetu waliijua mbele ya vyombo.

Lakini kuna bei. Kuchukua ADN ni kutoboa mfupa, na kipande kinapotea. Ku jino la Patrice Lumumba, lenye Ubelgiji ilirudisha kwa familia Juni 2022, hawakufanya kipimo kile, maana kingeliharibu. Familia ilipokea hivyo, na taifa likazika. Basi kutoboa ao kutotoboa fuvu la Lusinga si shauri la maabara peke yake. Njo ulizo lile lile lenye halikuulizwa mwaka wa 1886.

Na hapa Mpala pia tuna shauri la kukata kati yetu. Nani atapokea? Ukoo, serikali, ao wafalme wote wa ziwa? Wajukuu wa watu aliowauza watasimama fasi gani siku ile? Kuna wenye wanasema mtu wa namna ile abaki kule. Siye tunasema hapana. Kama alikuwa na deni, deni ni kwetu, tutaliongea juu ya kaburi lake, sawa vile tunafanya mu kilio chochote: kwanza tunazika, kisha tunaongea mabaya na mazuri. Waliomweka mu sanduku hawakuwa wanalipa deni la watumwa. Mateka wa kijiji kile hawakurudishwa kwao, walipelekwa kwa Bwana Boma.

Njo maana sendika inaingia mu habari hii. Kazi yetu ni kuhakikisha mutu akishuka na jina lake mu orodha, anapanda na jina lake, mzima ao maiti. Akifa, jamaa iulizwe mbele ya daktari kukata ao kuchukua kipande, na matokeo yasomwe kwa Kiswahili mbele yao, isiwe karatasi ya Kifaransa yenye kubaki mu biro. Hatukatai elimu. Batoto wetu waende shule, wasome mifupa, wasome nyoka na samaki wa ziwa, wawe wao wenye kuuliza na wenye kuandika. Lakini maiti ya mchimbaji si mali ya mwenye kuwa na kisu, na kichwa cha mfalme si mali ya mwenye kuwa na sanduku.

Ndugu wenye wazee wao walitoka Lubanda, hasa wa upande wa bamama, muwakalishe wazee sasa, muandike nani alizaa nani, dada wa Lusinga walikuwa nani na walienda wapi. Siku barua itafika toka Brussels kuuliza ndugu wako wapi, jibu liwe tayari mu daftari.