Sheikh Abdallah Saleh Farsy: Kutoka Chaki Hadi Ukadhi



Ndugu zangu katika imani, kila anayesoma Masomo ya Kiislamu chuo kikuu amewahi kuulizwa na jamaa zake atafanya kazi gani akimaliza. Mimi ni mmoja wao. Wapo wanaotushauri tuchukue ualimu ili tupate mkate, na wapo wanaoona kwamba ualimu wa shule utatupotezea elimu ya dini. Katika toleo hili nimeona nilete maisha ya mtu aliyeshika yote mawili.

Sheikh Abdallah Saleh Farsy alizaliwa Unguja mwaka 1912. Alisoma shule ya serikali na wakati huohuo akahudhuria darsa za masheikh wa mjini. Miongoni mwa waliomfundisha ni Sheikh Abubakar bin Abdallah Bakathir na Sayyid Umar bin Ahmad bin Sumayt. Alipomaliza shule hakungoja aitwe sheikh ndipo atafute kazi. Alisomea ualimu palepale Unguja, na mwanzoni mwa miaka ya 1930 akaanza kufundisha katika shule za serikali. Darsa hakuziacha.

Kazi hiyo ilimpandisha ngazi moja baada ya nyingine. Alikuwa mkaguzi wa masomo ya dini Unguja na Pemba, kisha mkuu wa shule iliyofundisha kwa Kiarabu. Mwaka 1960 akateuliwa Kadhi wa Zanzibar. Hesabu mwenyewe: alikuwa na umri wa miaka 48, na nyuma yake kulikuwa na zaidi ya robo karne ya kazi ya elimu. Baada ya Mapinduzi ya 1964 mambo ya Zanzibar yalibadilika sana, naye baadaye akahamia Kenya. Mwaka 1968 akawa Kadhi Mkuu wa nchi hiyo.

Lakini wengi wetu tunamjua kwa Qurani Takatifu, tafsiri yake ya Kiswahili iliyotolewa kamili na Islamic Foundation, Nairobi, mwaka 1969. Mwaka 1953 Ahmadiyya walikuwa wametoa tafsiri yao ya Kiswahili, na wanavyuoni wa pwani waliona Waislamu wanahitaji nyingine. Sheikh Farsy aliifanya kazi hiyo kwa miaka mingi, na sehemu zake zilianza kutoka mojamoja kabla ya kitabu kizima.

Ukiifungua tafsiri hiyo utamwona mwalimu. Kiswahili chake ni chepesi, na maelezo yake yanamwendea msomaji wa kawaida kama mwanafunzi aliyekaa mbele ya ubao. Naamini asingeandika hivyo kama asingekaa miaka yote ile na watoto wa shule. Elimu ya darsa ilimpa la kusema. Ualimu ulimfundisha namna ya kulisema likaeleweka.

Si kwamba watu wote walikubaliana naye. Katika miaka yake ya Kenya alipinga waziwazi baadhi ya mambo aliyoyaona kuwa ni bidaa, na akaandika juu yake, jambo lililomletea upinzani kutoka kwa masheikh wenzake. Hata hivyo hakuacha kuandika. Ametuachia pia vitabu vya maisha ya Mtume (s.a.w.) na historia ya wanavyuoni wa Kishafi wa Afrika Mashariki. Alifariki Oman mwaka 1982.

Ndugu yangu wa mwaka wa kwanza unayesita kuongeza ualimu, sheria au uhasibu juu ya masomo ya dini, mtazame mzee huyu. Cheti cha ualimu hakikumpunguzia usheikh. Kilimpa riziki ya halali, kikamfikisha shule za Unguja na Pemba, na kikamfundisha kusema na umma. Nawe uliyeko kitivo kingine, ukadhani darsa ya msikitini ni ya wanafunzi wa dini peke yao, kumbuka kwamba mwalimu huyu wa serikali hakuikosa darsa kwa kisingizio cha kazi.

Tusiulizane tu nani atapata kazi gani. Tuulizane pia kazi hiyo itaufaa vipi umma tutakapokuwa tumekwisha ondoka. Allah amrehemu Sheikh Abdallah Saleh Farsy, amlipe kheri kwa kila aya tuliyoielewa kwa sababu yake, na atujaalie elimu yenye manufaa. Amin.

Wabillahi tawfiq.