Johannes Rebmann na Zaburi ya Nyikani Taita

Msafiri atokaye Mombasa akifika Voi hukata kushoto, akapita Mwatate na Bura, kisha akaingia nyika pana inayokwenda hadi Taveta. Asubuhi mbingu zikiwa safi huuona mlima Kilimanjaro mbele yake, ingawa theluji yake siku hizi imepungua mno.

Katika nyika hiyo, tarehe 11 Mei, 1848, ulikuwa ukipita msafara wa watu kumi. Usiku wake walikuwa wamelala chini ya vichaka vya miiba, katika nchi ya vifaru, nyati na ndovu. Kiongozi alikuwa Mswahili, Bwana Kheri, aliyezijua vyema njia za Uchagani. Wanane walikuwa Wamijikenda wa upande wa Rabai. Wa kumi alikuwa Mjerumani wa miaka 28, Johannes Rebmann, ambaye badala ya bunduki alichukua mwavuli. Kabla ya kuondoka alikuwa ameonywa Mombasa asithubutu kuupanda mlima wa Wachaga, kwani una majini, na waliojaribu waliganda mikono na miguu.

Yapata saa nne Rebmann aliona weupe unaong'aa juu ya kilele kimoja. Kwanza alidhani ni wingu. Alipomwuliza Bwana Kheri, alijibiwa kwa neno moja tu, baridi. Kwa mtu aliyezaliwa Württemberg, nchi ya kipupwe kikali, neno hilo lilitosha. Akatambua kwamba ni theluji, hapa karibu na mstari wa Ikweta. Vitabu husema kwamba yeye ndiye aliyeugundua mlima huo. Huo ni usemi wa Ulaya. Bwana Kheri na wenziwe walikuwa wakiutazama miaka mingi. Alichofanya Rebmann ni kuandika habari zake.

Lakini sisi tutazame alichofanya baada ya kuona. Msafara ulipopumzika chini ya mti, alifungua Biblia yake mahali alipokuwa amefikia katika usomaji wake wa kila siku, na zamu ikawa ya Zaburi ya 111. Hiyo ni zaburi ya sifa tupu. Huanza kwa Haleluya, neno la Kiebrania la kuamrisha kumsifu Mungu, kisha hutaja ukubwa wa kazi zake na nguvu alizowaonyesha watu wake. Rebmann aliisoma macho yake yakienda kwenye mlima na kurudi kitabuni, na aliandika katika kumbukumbu zake jinsi ilivyomgusa moyo. Msomaji Mwislamu hatashangaa sana. Zaburi ni kitabu alichopewa Nabii Daudi, na Qur'ani yatufundisha kwamba milima na ndege walisabihi pamoja naye.

Furaha hiyo aliirithi kwao. Alizaliwa Gerlingen tarehe 16 Januari, 1820, miongoni mwa Wakristo waliokuwa na desturi ya kukutana nyumbani kwa nyumbani kusoma na kuimba. Alisoma Basel, akachukuliwa na wamisionari wa Kanisa la Uingereza, akafika Mombasa mwaka 1846. Mwenyeji wake, Ludwig Krapf, alikuwa amekwisha kumzika mkewe na mtoto mchanga mwaka 1844. Wawili hao wakahamia Rabai, na Oktoba 1847 Rebmann alifika Kasigau, safari yake ya kwanza Utaita.

Habari za theluji zilipochapishwa mwaka 1849, huko London alitokea bingwa wa jiografia, William Desborough Cooley, ambaye hakupata kukanyaga bara letu, akazifanyia mzaha. Ubishi ulidumu hadi 1862, Baron von der Decken alipoupanda mlima na kuiona theluji ikimwangukia.

Wakati huo Rebmann alikuwa na mizigo mingine. Katika safari yake ya tatu, mwaka 1849, alikusudia kufika Unyamwezi, lakini Mangi Mamkinga wa Machame alimmalizia bidhaa zote, akarudi Rabai mgonjwa na mikono mitupu. Hakwenda tena Uchagani. Krapf alitaka vituo vienee hadi ndani ya bara. Rebmann alishikilia kutulia mahali pamoja, na wakatofautiana. Wengi walimwona mkaidi, na ukaidi kweli alikuwa nao. Mwaka 1851 alimwoa Emma. Mtoto wao pekee alikufa mchanga, na mwaka 1866 Emma naye akafa. Waliobatizwa Rabai kwa miaka yote hiyo walikuwa wachache mno, na yeye hakwenda kwao likizo hata mara moja.

Jumapili ukipita leo Voi au Wundanyi utasikia makanisa yakirindima kwa ngoma, vigelegele na makofi, na wengi hudhani hiyo ndiyo ibada ya sifa kwa Wakristo. Sifa za Rebmann zilikuwa za mtu mmoja na kitabu, kila siku, zamu kwa zamu, msiba ukiwapo na usipokuwapo. Kwangu mimi hizo ndizo nzito zaidi, kwani za mlimani zilikuja zenyewe, lakini za Rabai ilibidi azitafute. Macho yake yalipoanza kufifia aliendelea kukusanya maneno ya kamusi, ikiwamo ile ya Kinyanja aliyoianza kwa msaada wa Salimini, mtumwa aliyeletwa Mombasa kutoka pande za Ziwa Nyasa. Sir Bartle Frere alipomtembelea mwaka 1873, alikuta mzee karibu kipofu angali kazini.

Mwaka 1875 alirudi Ujerumani baada ya miaka 29, akishikwa mkono na kijana wa Rabai, Isaac Nyondo. Alifariki Korntal tarehe 4 Oktoba, 1876. Miaka saba baadaye, mwaka 1883, mmisionari J. A. Wray alipanda Sagalla, mlima unaoitazama Voi, akafungua kituo cha kwanza cha Kanisa la Uingereza Utaita.