Jaramogi alivyowatafutia wanyonge mtaji

MFANYABIASHARA mdogo wa Kangemi, magharibi mwa Nairobi, asiye na hatimiliki ya shamba wala mshahara wa kudumu, hutegemea chama kupata mtaji. Njia hiyo ya kuchanga kidogo kidogo ndiyo iliyomtoa hayati Jaramogi Oginga Odinga darasani, miaka mingi kabla ya kuwa mwanasiasa.

Odinga alizaliwa mwaka wa 1911 hivi katika kijiji cha Nyamira Kang'o, Bondo. Alisomea Maseno, kisha Shule ya Upili ya Alliance iliyoko Kikuyu, mwendo mfupi kutoka Kangemi, na hatimaye Chuo cha Makerere, Uganda. Aliporejea Nyanza alifanya kazi ya ualimu.

Wakati huo Mwafrika alikuwa amefungiwa milango ya fedha. Ardhi ya hifadhi haikuwa na hati ya mtu binafsi ambayo angeweza kuiweka rehani. Isitoshe, sheria ya kudhibiti mikopo kwa Waafrika ilieleza kuwa deni linalozidi Sh200 halingedaiwa mahakamani iwapo mkataba wake haukuidhinishwa na afisa wa serikali. Wakoloni walidai kuwa wanamkinga Mwafrika dhidi ya walaghai. Matokeo yake ni kwamba mabenki na wauzaji wa jumla waliogopa kumkopesha.

Odinga aliamua kwamba dawa haikuwa kuomba sadaka bali kuunda mtaji. Alianza na chama cha akiba cha Bondo, na kufikia 1947 kilikuwa kimezaa kampuni ya Luo Thrift and Trading Corporation. Aliacha ualimu, akazunguka Nyanza na miji mingine ya Afrika Mashariki walikofanya kazi Wajaluo, akiwauzia hisa.

Kibarua kikubwa kilikuwa kupata imani ya watu. Aliyekuwa na shilingi chache alihofia kumkabidhi mwalimu jasho lake, na wengi hawakuamini kuwa Mwafrika angeweza kuendesha kampuni. Hata hivyo, fedha zilipatikana. Kampuni ilifungua duka Maseno, ikanunua mitambo ya uchapishaji Nairobi na kujenga jumba la Ramogi mjini Kisumu. Mitambo hiyo ilichapisha magazeti ya Waafrika, na Ramogi Achieng' Oneko alikuwa miongoni mwa walioshirikiana naye.

Faida haikuwa nono, na waliotarajia utajiri wa haraka hawakuupata. Lakini wenye hisa walijionea jengo na mitambo iliyonunuliwa kwa senti zao wenyewe.

Imani hiyo ndiyo iliyomfungulia Odinga mlango wa siasa. Aliingia Baraza la Kutunga Sheria mwaka wa 1957 na kuwa Makamu wa Rais 1964. Alijiuzulu 1966 akaunda chama cha KPU, akazuiliwa 1969 hadi 1971. Alifariki Januari 20, 1994, akiwa kiongozi wa upinzani bungeni.

Wengi humkumbuka kwa siasa zake. Ila kabla ya kudai uhuru wa bendera, Jaramogi alikuwa ametambua kwamba mtu asiyeweza kupata mtaji hubaki kibarua wa mwenye nao, na kwamba wanyonge wakiaminiana, wao wenyewe ni benki.