Maisha ya Profesa Kamerlingh Onnes

Mimi nakaa hapa Gungu. Umeme ukikatika usiku, barafu ya mama huyeyuka na migebuka yake huharibika kabla hajaiuza. Darasani tumefundishwa kwamba kila waya huukinza umeme, na sehemu ya nguvu hupotea njiani kwa kugeuka joto. Ndipo nilipotaka kujua habari za mtu aliyegundua kwamba ukinzani huo unaweza kwisha kabisa.

Heike Kamerlingh Onnes alizaliwa tarehe 21 Septemba 1853 katika mji wa Groningen, Uholanzi. Baba yake alikuwa na kiwanda cha matofali. Mwaka 1882 akawa profesa wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Leiden. Nia yake ilikuwa kupima tabia ya vitu katika baridi kali.

Kazi haikuwa rahisi. Mwaka 1895 wakuu wa mji waliogopa kwamba mitungi yake ya gesi italipuka, na kazi yake ikasimama kwa miaka mitatu hivi. Hakukata tamaa. Mwaka 1901 alianzisha shule ya mafundi, ambako vijana walijifunza kupuliza vioo na kuunda vyombo vya kupimia. Mikono ya mafundi hao ilimsaidia sana.

Tarehe 10 Julai 1908 aliifanya gesi ya heliamu iwe kimiminika, jambo lililokuwa limewashinda wataalamu wengine. Baridi yake ilikuwa digrii 269 chini ya sifuri. Mwaka 1911, yeye na msaidizi wake Gilles Holst walipima zebaki katika baridi hiyo. Ghafla ukinzani ukatoweka! Kwanza walidhani vyombo vina hitilafu. Wakapima tena, na jibu likawa lile lile. Mwaka 1913 alipewa Tuzo ya Nobel. Alifariki tarehe 21 Februari 1926.

Leo sumaku za mashine nyingi za MRI hospitalini hufanya kazi kwa ugunduzi huo. Lakini nani ataweza kuzipoza nyaya za mji mzima kiasi hicho? Kwa hiyo wataalamu wamegeukia haidraidi, yaani metali iliyoungana na hidrojeni. Atomu za hidrojeni ni nyepesi, hutetemeka upesi, na mtetemo huo huziunganisha elektroni mbili mbili zipite bila kizuizi. Haidraidi ya metali ya lanthani, iliyotangazwa mwaka 2018 na 2019, hufanya hivyo kwenye digrii 23 hivi chini ya sifuri. Ila lazima ibanwe kati ya almasi mbili, kwa kanieneo iliyo zaidi ya mara milioni moja ya ile ya hewa. Mwaka 2023 wengine walitangaza haidraidi isiyohitaji baridi wala kubanwa hivyo, lakini makala yao iliondolewa mwaka huo huo, kwa kuwa vipimo vyake havikuaminika.

Basi, wenzangu, kazi bado ipo. Heliamu nayo ipo nchini mwetu, katika bonde la Rukwa, kama ilivyotangazwa mwaka 2016. Tukiingia maabara tupime kwa uangalifu, na tukipata jibu la ajabu, tupime tena.