Mtoto Aliyelipa Deni la Hesabu

Kila aliyesoma Fizikia amekutana na jina Pascal, kile kipimo cha shinikizo. Lakini ni wangapi wajuao kwamba mwenye jina hilo alikatazwa hesabu na baba yake mzazi?

Blaise Pascal alizaliwa Clermont, Ufaransa, tarehe 19 Juni 1623. Mamake alifariki yeye akiwa na miaka mitatu tu. Baba, Étienne, akabaki na watoto watatu. Mnamo 1631 aliwahamishia Paris, na badala ya kuwapeleka shule akawafundisha mwenyewe nyumbani.

Sasa sikia ajabu. Étienne alikuwa hodari wa hisabati, lakini aliogopa kwamba utamu wa somo hilo ungemsahaulisha mwanawe Kilatini na Kigiriki. Basi akaamua kijana asiliguse kwanza mpaka apevuke, na vitabu vyote vya hesabu vikaondolewa machoni pake.

Kumbe mtoto wa nyoka ni nyoka! Dadake Gilberte, aliyeandika habari za maisha yake, anasimulia kwamba saa za kucheza Blaise alichora maumbo sakafuni kwa makaa. Kwa kuwa hakuyajua majina, mstari aliuita ufito na duara akaliita mviringo. Siku moja, akiwa na miaka 12, baba aliingia ghafla akamkuta anatafuta jumla ya pembe za pembetatu. Alikuwa amegundua peke yake kwamba ni sawa na pembe mraba mbili, yaani zile digrii 180 tunazokariri darasani.

Je, alichapwa? Hata! Baba alitoka kimya akaenda kwa rafiki yake huku machozi ya furaha yakimlengalenga. Tangu siku hiyo alibadili uamuzi wake. Alimpa mwanawe kitabu cha Euclid, na baadaye akawa anamchukua kwenye mikutano ya mabingwa wa hisabati.

Halafu zamu ikageuka. Kuanzia 1640 familia iliishi Rouen, ambako baba alipewa kazi ya kukadiria kodi. Hebu fikiri: denier 12 zilifanya sou moja, na sou 20 zikafanya livre moja. Mzee alikesha akijumlisha. Mnamo 1642, kabla hajatimiza miaka 19, Blaise alianza kuunda mashine ya kumpunguzia babake kazi. Gurudumu moja likimaliza mzunguko, lilisukuma jingine hatua moja, na kule kubeba kukafanyika kwenyewe. Alijaribu vielelezo zaidi ya 50 hadi akafaulu mnamo 1645. Wanunuzi walikuwa wachache kwa sababu ya bei yake, lakini ni miongoni mwa mashine za kwanza kabisa za hesabu duniani.

Étienne alifariki mnamo 1651. Blaise, ambaye alikuwa mgonjwa miaka mingi, alimfuata tarehe 19 Agosti 1662, akiwa na miaka 39.

Wenzangu, wazazi wetu wengine hawakuiona aljebra, na bado usiku hutuwashia taa na kuuliza kama tumemaliza kazi ya ziada. Étienne naye hakumfanyia mwanawe hesabu hata moja siku ile. Alikubali tu kwamba alikosea, akamfungulia njia. Je, sisi leo jioni tunaweza kumsaidia mzazi kupiga hesabu za duka au za shamba? Mcheza kwao hutunzwa. Shime!